Kangaga-Mti la Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutambua Spishi Mpya kwa Kutazama Ndani ya Shina

Nafundisha botania hapa Kisumu, na muda wangu mwingi nje ya darasa huishia kwenye mashina yaliyogeuka mawe. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wanafunzi, walimu wa shule za upili, wavuvi wa Mbita na wenye mashamba wa Koru na Muhoroni. Mengine yanahitaji jibu la mstari mmoja tu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko watu wanakopotelea.

Kangaga-mti ni nini, na kwetu lipo?

Ni kangaga, yaani mmea usio na ua wala mbegu, unaozaa kwa spora, chembe ndogo kama vumbi. Tofauti yake na makangaga ya chini ni kwamba lina shina linalosimama wima kama mnazi, na majani yote yako kileleni. Jani changa hutoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua taratibu.

Kwetu lipo. Linaloonekana zaidi ni *Alsophila manniana*, ambalo vitabu vingi bado vinaliita *Cyathea manniana*. Hupenda misitu yenye unyevu, kandokando ya vijito, na ukiingia msitu wa Kakamega ukafuata maji utalikuta. Vikonyo vya majani yake vina miiba. Aliyewahi kuteleza kijitoni akashika kikonyo chake ili asianguke hahitaji kuelezwa. Jina *manniana* ni la Gustav Mann, aliyekusanya mimea Afrika Magharibi katika karne ya 19.

Ndani ya shina lake kuna nini ambacho mti wa kawaida hauna?

Swali hili ndilo msingi wa mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mkaratusi au msindano hunenepa kwa kuongeza mbao kila mwaka, tabaka juu ya tabaka. Kangaga-mti haliongezi mbao. Unene wa ndani uliotengenezwa kileleni siku jani lilipochipuka ndio huohuo hadi mwisho. Basi linasimamaje mita kadhaa bila mbao?

Jibu niliwahi kulishika kwa mikono. Mvua ilikuwa imemega ukingo wa kijito kule Kakamega, kangaga-mti likaangukia njia, na askari wa msitu alikuwa amelikata kwa panga ili watu wapite. Nilipiga magoti penye mkato. Katikati palikuwa na kiini cheupe, chenye maji, laini kama nduma iliyochemshwa. Kukizunguka kiini kulikuwa na mikanda myeusi iliyopinda, kila mmoja kama herufi W iliyochorwa kwa haraka. Niliukwaruza mmoja kwa kisu na kisu kikateleza, maana ulikuwa mgumu kama kifuu cha nazi. Ndani ya kila mkanda, katikati ya weusi na weusi, ulipita utepe wa rangi ya manjano. Huo utepe ndio zailemu na floemu, mishipa ya maji na chakula. Weusi unaoukumbatia ni sklerenkima, seli zenye kuta nene, na mimi huuita ala, kwa kuwa unaushika mshipa kama ala inavyoshika kisu. Kwenye kiini chenyewe palitapakaa vidoti vidogo vyeusi, navyo ni mishipa midogo inayojitegemea. Nje kabisa palikuwa na joho la mizizi, nyuzi nyeusi ngumu zilizosokotana kama waya ya kusugulia sufuria.

Shina linasimama kwa ala hizo na kwa joho hilo. Na kwa sababu ala, mishipa, vidoti na mizizi vina mpangilio wake katika kila ukoo, mkato mmoja mzuri wa shina ni kama hati ya mkono wa mtu. Ukiizoea, unamjua mwandishi.

Si unaweza kulitambua kwa sura ya nje tu?

Unaweza kubahatisha, na mara nyingi utakosea. Minazi, sikadi (mimea ya mbegu ya kale inayofanana na minazi mifupi) na makangaga-miti yote yana shina lisilo na matawi lenye makovu ya majani. Yakizikwa, yakabonyezwa na udongo, yakachunwa na maji, yanafanana.

Mama mmoja wa upande wa Koru aliniita akaniambia, "Mwalimu, njoo uone mti wa mawe ulio kwenye mpaka wetu." Jiwe lilikuwa la mviringo, urefu wa mkono, limejaa vitone vyeupe vilivyopangwa karibu karibu. Kwa macho ungeapa ni mishipa ya mnazi. Nilipata ruhusa ya kusafisha upande uliokuwa tayari umevunjika, nikautazama kwa lenzi ya mkono. Vitone vilikuwa mapovu ya lava ya volkano ya Tinderet yaliyojazwa madini baadaye. Hakukuwa na seli hata moja. Nilimweleza, akanisikiliza, kisha akasema, "Basi ni mtoto wa volkano, si wa mti." Ilikuwa kauli sahihi kabisa.

Jiwe linawezaje kuhifadhi seli?

Maji yaliyobeba madini huingia ndani ya mmea kabla haujaoza. Madini huganda ndani ya kila seli na kati ya seli, na ukuta wa seli hubaki umezingirwa pale pale ulipokuwa. Madini yenyewe mara nyingi ni silika, ile ya mchanga, au kalisiti, ile ya chokaa. Sharti kubwa ni kasi, maana kuvu na bakteria hawangoji.

Ndiyo sababu majivu ya volkano ni rafiki wa kazi hii. Kule Chemnitz, Ujerumani, msitu mzima ulifunikwa na majivu takriban miaka milioni 291 iliyopita, na mashina ya *Psaronius*, kangaga-mti la zamani hizo, yamebaki na anatomia yake, yaani muundo wake wa ndani. Watu walikuwa wakiyakata na kuyang'arisha kama vito kabla sayansi haijajua ni nini, wakiyaita mawe ya kwezi kwa sababu madoa ya mizizi yake kwenye mkato yalifanana na manyoya ya ndege huyo.

Rusinga ina visukuku vingi vya mimea, yaani mabaki yaliyogeuka mawe. Je, navyo vinasomeka hivyo?

Rusinga na Mfangano, visiwa vya Ziwa Victoria, ni hazina. Volkano ya Kisingiri ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi, na humo zimehifadhiwa mbegu, matunda, konokono na mifupa ya nyani wa kale. Fuvu mashuhuri aliloliona Mary Leakey mwaka 1948 lilitoka Rusinga. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za visiki vya miti vya huko, vyenye umri wa takriban miaka milioni 18, pamoja na mizizi na majani, vikionyesha kwamba nyani hao waliishi kwenye msitu wa miti iliyofungana.

Lakini kisiki cha aina hiyo ni umbo tu. Mti ulioza, ukaacha shimo, shimo likajazwa. Kinakwambia unene wa mti, umbali kati ya mti na mti, na jinsi mizizi ilivyotambaa. Mishipa hakikuhifadhi. Kwa hiyo usitarajie kila kisiki cha jiwe kikupe anatomia. Kwanza lowesha kwa maji sehemu iliyovunjika, itazame kwa lenzi inayokuza mara kumi. Ukiona vijumba vidogo vilivyopangana, kuna matumaini.

Mnakata na kutazama vipi?

Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi unaomiminiwa maji. Kabla ya kukata, chora mshale unaoonyesha juu na chini, uandike namba, upige picha. Nasisitiza hili kwa uchungu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikata kipande bila kuchora mshale, nikapoteza miezi miwili nikisoma shina juu chini. Niliokolewa na mshipa wa jani. Mshipa huo hutoka kwenye duara la mishipa ya shina, ukaelekea nje huku ukipanda. Kwa hiyo ukifuata mkato baada ya mkato ukauona unasogea nje, ujue unapanda. Ukiuona unarudi ndani, unashuka.

Baada ya kukata, uso wa jiwe husagwa kwa unga wa msasa juu ya kioo, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, mpaka uwe nyororo kama sahani. Kama madini ni kalisiti, uso huchovywa sekunde chache kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa sana. Asidi hula madini kidogo, kuta za seli zikabaki zimesimama kama nyasi za sakafu ya bahari. Unaosha bila kugusa, unakausha, unamwaga asetoni, kisha unalaza juu yake karatasi angavu ya asetati, aina ya plastiki. Asetoni ni ileile ya saluni ya kuondolea rangi ya kucha. Hulainisha karatasi, karatasi ikazikumbatia kuta za seli. Ikikauka unaibandua taratibu, na shina liko mkononi mwako katika utando mwembamba. Unasaga tena kidogo, unarudia. Njia hii ya haraka ilichapishwa mwaka 1956 na Joy, Willis na Lacey, na hadi leo sijaona nyingine inayotoa mikato mingi hivyo kwa gharama ndogo.

Kama madini ni silika, asidi inayohitajika ni ya hidrofloriki. Hiyo hupenya ngozi hadi mfupa na inaua. Usiiguse nje ya maabara yenye vifaa na mtu aliyefunzwa. Kwa silika, mimi huchagua kusaga kipande mpaka mwanga upite, hata kama ni kazi ya siku mbili.

Nikiweka utando kwenye hadubini, nianze kutazama wapi?

Anza kwa kuwatoa nje wasiohusika. Kama mishipa imetapakaa mamia kwa mamia kwenye shina lote, kila mmoja na kofia yake ya nyuzi ngumu, huo ni ukoo wa minazi. Kama kuna mbao zilizopangwa kwa miali kutoka katikati, hilo si kangaga-mti. Pengine ni sikadi au mti wa kawaida.

Ukibaki na makangaga, uliza shina ni moja au ni mengi. *Tempskya* ya kipindi cha Kretasia, zama za dinosauri, jina alilolitoa Corda mwaka 1845, ilidanganya macho ya wengi. Kwa nje ni gogo. Kwa ndani ni mashina membamba mengi, kila moja na duara lake dogo la mishipa, yote yamefungwa pamoja na mizizi kama kifurushi cha kuni. Gogo ni la uongo, lakini mmea ulisimama kweli.

Kisha tazama mizizi. Katika koo za makangaga-miti ya leo, kila mzizi mdogo una zailemu yenye ncha mbili. Katika *Psaronius* zailemu ya mzizi ina ncha nyingi, hivyo kwenye mkato huonekana kama nyota. Ukiona nyota, uko mbali sana na *Alsophila* wa Kakamega.

Halafu tazama vikonyo vya majani. Kangaga la ukoo wa *Osmunda* lina mshipa mmoja wa umbo la C kwenye kila kikonyo, na shina limevikwa vikonyo vilivyobanana. Kwenye ukoo wa *Cyathea* na *Alsophila*, kikonyo hupokea mishipa mingi midogo iliyopangwa kwa mkunjo.

Ukifika hapo ndipo unarudi katikati kwenye zile W. Je, ala ya sklerenkima iko pande zote mbili za mshipa, au upande mmoja? Kiini kina vidoti vya mishipa, au ni kitupu? Kiini chenye mishipa midogo kinaelekeza kwa *Cyathea* na jamaa zake. Kiini kisicho nayo kinakusogeza upande wa *Dicksonia*, makangaga-miti ambayo leo yanajulikana zaidi Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini.

Nywele na magamba vina uzito gani?

Uzito mkubwa kuliko wanafunzi wanavyodhani. Kilele na vikonyo vya *Cyathea* na *Alsophila* vimefunikwa magamba, bapa, yenye upana wa seli nyingi. *Dicksonia* na *Cibotium* wana nywele, mstari wa seli moja baada ya nyingine. Kwenye kisukuku kizuri vitu hivi hukwama kati ya mizizi na shina, navyo hukatwa pamoja na shina. Kwenye mkato, gamba huonekana kama mstari mrefu wa seli, unywele kama kiduara kimoja kidogo.

Kangaga-mti la Kretasia la magharibi ya Amerika Kaskazini, lililoelezwa na Stockey na Rothwell mwaka 2004, liliitwa *Rickwoodopteris hirsuta*. *Hirsuta* ni Kilatini, maana yake lenye nywele. Sifa inayosahauliwa kwa urahisi mbele ya hadubini ndiyo iliyoingia kwenye jina.

Tofauti kiasi gani inatosha kusema hii ni spishi mpya?

Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu wazuri kabisa, kwa sababu wana haraka ya kutoa jina.

Kumbuka kangaga-mti halinenepi kwa mbao. Likiwa changa, shina lake ni jembamba, na duara la mishipa ni rahisi, lina vipande vichache. Linavyopanda, kilele kinapanuka, vipande vinaongezeka, mikunjo inazidi, vidoti vya kiini vinaanza kuonekana. Ukiweza kuvua joho la mizizi ukabaki na shina tupu, utaona ni kama koni ya karatasi ya karanga: nyembamba chini, pana juu. Joho la mizizi nalo liko kinyume, nene chini, jembamba juu, na ndilo linaloziba upungufu.

Sasa mtu apewe vipande vitatu vya mmea huohuo mmoja: kimoja kutoka futi moja juu ya ardhi, kimoja kutoka katikati, kimoja kutoka karibu na kilele. Idadi ya mishipa haifanani. Kipenyo hakifanani. Kiini kimoja kitupu, kingine kimejaa vidoti. Asiyejua atatangaza spishi tatu, na zote tatu ni mmea mmoja.

Kwa hiyo nagawa sifa mafungu mawili. La kwanza ni sifa zinazobadilika kwa umri na mahali: kipenyo, idadi ya vipande vya mishipa, wingi wa vidoti, unene wa joho. Hizi nazipima zote, lakini sizijengei jina peke yake. La pili ni sifa zinazoshikilia: mpangilio wa ala kuzunguka mshipa, umbo la mshipa wa jani mara unapotoka na jinsi unavyogawanyika, kama ni nywele au magamba, aina za seli zilizo kwenye kiini na tabaka la nje, mizizi inachipuka kutoka wapi. Tofauti kwenye fungu hili ndiyo inayonifanya niketi wima.

Hata hapo bado kuna mtego. Jiwe hubonyeza. Seli laini hulala, mikono ya W hufungana, na umbo la mshipa linakuwa la kaburi wala si la uhai. Namna ya kukagua ni kutazama seli ngumu. Kama mirija ya zailemu bado ni ya pembe zake na haijapinda, umbo unaloliona lina haki ya kuaminiwa. Kama nayo imelala upande mmoja, punguza sauti.

Kanuni yangu ni hii. Sitamki neno mpya mpaka tofauti niione kwenye mikato ya ngazi mbalimbali za shina, nimeilinganisha na visukuku vyote vilivyoelezwa vya ukoo huo, na nimeitafuta kwenye mimea hai nikaikosa. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi. Watu husoma makala za California na Japani, na kangaga-mti la Kakamega, mwendo wa saa mbili kwa matatu, hawajawahi kuona mkato wake.

Kipande kimoja kinaweza kutosha?

Kinaweza, na spishi nyingi za visukuku zilianza hivyo. *Conantiopteris schuchmanii*, kangaga-mti la mwanzo wa Kretasia kutoka kaskazini mwa California lililoelezwa mwaka 1999 na Lantz, Rothwell na Stockey, limesaidia kupanga upya mawazo kuhusu undugu wa makangaga-miti. Kinachohitajika ni urefu wa kutosha kukata mfululizo. Nipe kipande kimoja kirefu kuliko vipande kumi vyembamba vilivyong'arishwa kwa ajili ya kabati.

Jina hutolewaje?

Kuna kanuni za kimataifa za majina ya mimea, na visukuku vimo. Sita tu ndizo nitakazozitaja, kwa kuwa ndizo zinazowaangusha watu. Lazima kuwe na kielelezo kimoja kinachoshikilia jina, holotaipu, nacho kiwe kwenye mkusanyiko uliotajwa. Lazima kuwe na maelezo ya kinachoitofautisha spishi hiyo. Kwa visukuku vya mimea, tangu tarehe 1 Januari 1996, maelezo hayo yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Lazima kuwe na picha au mchoro, na sharti hilo ni la tangu 1912. Lazima makala iwe imechapishwa ipasavyo. Kutangaza kwenye mkutano hakuhesabiki. Na kama holotaipu imekatwa vipande, vipande vyote vilivyotumika viwekewe alama wazi, ili anayekuja miaka hamsini baadaye ajue ni jiwe moja.

Kiswahili hakimo kwenye sharti la lugha. Lakini hakuna kinachozuia maelezo kamili ya Kiswahili kuchapishwa bega kwa bega na yale ya Kiingereza, na ningependa sana kuona hivyo kwa kisukuku chochote cha kwetu. Majina yenyewe tayari yamefungua mlango. *Nyanzapithecus* imebeba Nyanza, *Rusingoryx* imebeba Rusinga, na *Ekembo*, jina walilopewa nyani wa Rusinga mwaka 2015, ni neno la Kisuba.

Kwa nini shina lina jina moja na jani lake jina jingine?

Kwa sababu mmea huanguka vipande vipande. Shina la *Psaronius* likipatikana bila anatomia, ila chapa ya makovu ya majani tu, huitwa *Caulopteris*. Majani ya mimea ya aina hiyo mengi huitwa *Pecopteris*, na yenye vifuko vya spora vilivyohifadhiwa huitwa *Scolecopteris*. Kanuni zinaruhusu, maana jina la kisukuku hubeba sehemu iliyoonekana. Ni bora majina manne ya kweli kuliko mmea mmoja wa kubuni.

DNA haiwezi kumaliza ubishi?

Hapana. DNA ya kale zaidi iliyosomwa hadi sasa, kutoka Greenland, ina takriban miaka milioni 2, na ililindwa na barafu. Mashina tunayoyazungumzia ni ya mamilioni mengi zaidi.

Lakini hifadhi ya seli yaweza kushangaza. Kusini mwa Sweden kuna shina la ukoo wa *Osmunda* la kipindi cha Yura, takriban miaka milioni 180, lililochapishwa mwaka 2014. Ndani ya seli zake kuna viini vya seli na hata kromosomu, vimegandishwa seli ikiwa katikati ya kugawanyika. Watafiti walipima viini hivyo wakavilinganisha na vya jamaa zake walio hai, na ukubwa ulikuwa karibu sawa.

Nimeokota jiwe linalofanana na shina. Nifanye nini?

Kama bado liko mahali pake, liache hapo. Lipige picha likiwa na kalamu au panga pembeni kuonyesha ukubwa, piga picha nyingine ya mazingira, uandike mahali kwa kutumia simu yako. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha namna hii aiarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba. Ukiwa huku kwetu, makumbusho ya Kisumu ni mahali pa karibu pa kuanzia. Kuchimba kunahitaji leseni, na kuuza ni kosa.

Wengine huniambia, "Dakta, nikitoa taarifa watachukua shamba." Ninaelewa hofu hiyo. Lakini jiwe lililong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake limepoteza umri wake, na shina lisilo na umri haliwezi kulinganishwa na lolote. Nimeletewa mawe mazuri kwenye mfuko wa unga, na aliyeleta hakukumbuka hata ni kilima gani.

Na tafadhali, msivunje kuona ndani. Msiyaoshe kwa siki wala maji ya betri.

Naruhusiwa kukata kangaga-mti lililo hai ili nijifunze?

Bila ruhusa, hapana. Makangaga-miti ya ukoo huu yako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na misitu yetu ina sheria zake. Tumia lililoanguka lenyewe, kwa ruhusa ya wenye msitu.

Mwanangu ana miaka kumi na anapenda mambo haya. Aanze wapi?

Aanze na kangaga la kawaida la nyikani, *Pteridium aquilinum*, linaloota kwenye malisho na mashamba yaliyoachwa ya nyanda za juu. Mwonyeshe jinsi ya kukata kikonyo chake karibu na ardhi kwa wembe, kwa mshazari, wewe ukishika wembe. Mpe lenzi. Ataona mabaka ya kahawia juu ya nyama nyeupe, na wengi wameyasoma mabaka hayo kama tai aliyekunjua mabawa. *Aquila* kwa Kilatini ni tai. Mwambie achore anachoona, si anachoambiwa. Kisha akate kingine, sentimita tano juu zaidi, achore tena, na aweke michoro miwili pamoja. Binti wa jirani yangu alifanya hivyo mezani kwangu Jumamosi moja. Alitazama mchoro wa kwanza, akatazama wa pili, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni yuleyule?" Nikashika wembe, mkono wake juu ya wangu, tukakata cha tatu.